Baba, Kila Mtu Ulimwahidi Jumamosi

Mpendwa Baba,

Neno hilo la kwanza nimeliandika kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha kuanza barua. Usijipe moyo nalo. Nimekukasirikia, na nimechoka kukasirika kimyakimya nikiosha vyombo hapa Al Wukair, nje ya Doha, ndiyo maana leo nakuandikia mbele ya watu.

Ulikuwa fundi cherehani hodari, Voi nzima ilijua. Voi nzima ilijua pia kwamba kila mteja ulimwambia Jumamosi. Bibi harusi Jumamosi, mwalimu wa kwaya Jumamosi, mama wa sare za shule Jumamosi, na kitambaa hata hujakikata. Nilikuwa nikikaa chini ya meza yako nikiokota vifungo, nikisikia unavyowajibu kwa sauti ile tamu, nao wakiondoka wanatabasamu. Siku moja nilikuuliza kwa nini unadanganya. Ukacheka, ukasema hudanganyi, unataka tu mtu atoke dukani kwako akiwa na furaha. Nami nikacheka. Leo sicheki.

Ulipokuja kunitembelea Doha tulikwenda mkahawani Al Wakrah siku yangu ya mapumziko. Uliagiza chai ya karak ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza, ukawa unakagua kanzu za wanaume waliopita na kusifu mishono ya mabega. Kisha ukaniuliza habari za kazi. Nilikueleza kuhusu mzee niliyekuwa nikimuuguza wodini, aliyekuwa akipumua kwa mashine, watoto wake wakija kumsalimu na yeye hawajui. Ukasema, "Mimi nikifika hapo, waambie watoe hiyo mipira. Usiniache nimening'inia kama suruali ya mteja aliyehama." Nililia, ukanipangusa kwa leso yako. Nikakuahidi. Nilijiona mimi ndiye mtoto uliyemwamini kuliko wote.

Kumbe ulirudi nyumbani ukamwambia dada yangu Mghoi kinyume chake. Mghoi ndiye aliyebaki na wewe, akikupikia, akikupima presha, akishtuka kila unapokohoa. Alikuwa amekwambia hajui ataishije katika nyumba ile akibaki peke yake. Basi naye ukampa neno lake.

Halafu kiharusi kikakuangusha. Daktari wa Mombasa alituweka sote wawili kwenye simu, akauliza swali jepesi kabisa: mzee mwenyewe alitaka nini? Mimi nikasema ulitaka mashine iondolewe. Mghoi akasema ulikataza isiondolewe. Daktari akatuomba kwa upole tukubaliane kwanza, na mashine ikaendelea kukupulizia.

Unajua tulivyokubaliana? Kila mmoja alimwona mwenzake mwongo. Mghoi aliniambia, "Wewe uko huko kwa AC, unataka tu yaishe ndio urudi kazini." Nami nikamwambia hakutunzi wewe, anajitunza yeye mwenyewe. Maneno hayo tuliyasema juu yako, Baba, na wewe umelala pale na mpira mdomoni, mdomo uleule ambao ungeyamaliza yote kwa sentensi moja ukiwa mzima. Ukaondoka mwenyewe, mashine bado inafanya kazi, sisi bado tunatukanana. Kwa hiyo ahadi yangu kwako sikuitimiza, na Mghoi naye alikungoja bure. Kwenye mazishi aliniletea sahani ya chakula kama anayemhudumia mgeni. Nilirudi Doha sijamuaga.

Ijumaa moja nikaona simu yake. Alikuwa akifunga duka lako. Wanawake wawili walikuwa wamekuja kudai magauni, kila mmoja akiapa kwamba ulimwahidi atakuwa wa kwanza, na walikaribia kushikana mashati mlangoni. Mghoi alisimama akawatazama, kisha akanipigia. Hakunisalimu. Aliniomba nimwambie ulivyosema Al Wakrah, neno kwa neno. Nikamwambia ile ya suruali.

"Hiyo ni yeye," akasema. "Wewe huwezi kuitunga."

Kisha akanipa yake. Ulimwambia, "Uzi ukikatika mimi huwa nafanyaje? Natunga tena sindano. Usikubali wanitoe, we ningoje." Nilikusikia, Baba, kama uko jikoni. Hakuna binti yako aliyedanganya. Tulilia wote wawili, halafu tukaanza kukusema, na tangu siku ile hatujaacha. Kila Ijumaa tunapigiana simu kukusema.

Mghoi sasa anakutetea. Anasema pengine yote mawili yalikuwa kweli, kwamba siku moja ulitaka kupumzika na siku nyingine uliogopa. Huyo ni Mghoi. Mimi nauguza watu, nimewaona wakibadili nia, na ni haki yao. Lakini wao husema. Wewe ungetukalisha pamoja, ukatuambia neno moja tu, hata liwe baya, hata mmoja wetu atoke analia. Tungelibeba. Ukachagua kila mmoja atoke na furaha yake, ukatuacha tugombanie maiti.

Nimekukumbuka, hilo sikufichi. Juzi nilipita kwa fundi mmoja mtaa wa Abu Hamour, nikasikia cherehani, nikasimama mlangoni mpaka akaniuliza nataka nini. Nikageuka nikaondoka.

Niliporudi nyumbani niliwaita mume wangu na mwanangu sebuleni, wote kwa pamoja, nikawaambia ninachotaka siku yangu ikifika. Mwanangu alikasirika akaingia chumbani. Mume wangu akatoka nje bila viatu. Hakuna aliyetabasamu, na mimi nikalala vizuri.

Pumzika huko uliko. Mghoi amepalilia kaburi lako, anasema ameshakusamehe. Ameniuliza na mimi nitakusamehe lini.

Nimemwambia akwambie Jumamosi.

Ni mimi,
kitinda mimba wako