Walisema Umelewa

Mpendwa Baba Mutheu,

Nakuandikia kutoka hapa Kathonzweni, nikiwa kwenye kiti chako, kwa kuwa hakuna tena wa kunifukuza. Pojo zimetoa maua. Binti yetu Mutheu amejifungua mvulana mwenye masikio makubwa kama yako, maskini.

Unakumbuka tulivyojenga kanisa? Sisi wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tulibeba mchanga kutoka mtoni tukiimba, na wewe ulikuwa juu ya paa unapigilia mabati, ukijifanya hujui kwamba nakutazama. Kisha mguu ukateleza. Ulianguka, kichwa kikagonga jiwe, na nyimbo zikakatika. Ulilala hospitalini bila kujitambua, na ulipofungua macho ulisema, "Mama Mutheu, mbona unalia na mimi niko na njaa?" Kidonda kikapona, nywele zikaota, tukadhani yameisha.

Hayakuisha. Yalikuja polepole, miaka ikipita. Kwanza pua yako ilikufa: muthokoi, mahindi yetu na maharagwe, uliungua wewe ukiwa umekaa kando ya sufuria, wala hukusikia harufu. Halafu kelele za watoto zikaanza kukuumiza. Wewe ambaye hukuwahi kuniinulia sauti, ukawa unanifokea kwa sababu ya chumvi, ya mlango, ya kuku. Muda mfupi baada ya kufoka ulikuwa umeshasahau, unanifuata jikoni na kuniuliza, "Nani amekukasirisha?" Nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka. Nilikupenda hata siku hizo, ingawa nyingine nilikupenda kwa kusaga meno.

Mwishowe miguu ikaanza kuyumba na ulimi ukawa mzito. Katika kanisa letu, ambamo hata kuonja pombe ya kaluvu kunakutenga na wenzako, mtu anayeyumba na kukokota maneno huitwa mlevi tu. Wazee wa kanisa wakakusimamisha mbele ya watu.

"Ndugu, tumeona vile unatembea. Hiyo pombe unakunywa wapi?"

Ulitaka kujitetea, maneno yakakukimbia. Wakakuondoa kwenye Meza ya Bwana, chini ya mabati uliyoyapigilia mwenyewe. Nikasimama.

"Mchungaji, kuja unuse mdomo yake! Hajakunywa kitu. Ni kichwa iliumia, na iliumia hapa hapa!"

Hakuja. Mama mmoja akanivuta nguo nikae.

Nilikupeleka kwa daktari Machakos. Aliniuliza kama uliwahi kuumia kichwani, nikamsimulia. Akasema ubongo ukipigwa vibaya, madhara yake yanaweza kuendelea kujitokeza miaka mingi baada ya ngozi kufunga. Hukuwa mlevi, wala hukuwa umerogwa. Niliposhuka kwenye basi nilienda moja kwa moja kwa mchungaji, na vumbi langu lote, nikamweleza.

Jumapili iliyofuata wazee walikuja nyumbani na mkate na kikombe. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo. Nilitaka kuwaona wakiinamisha macho mbele yako. Lakini wewe ulikuwa umesahau yote.

"Karibuni! Karibuni!" Ukawavutia viti.

Yule mzee aliyekuhoji akaanza, "Ndugu, tulikukosea..."

"Mimi? Nyinyi hamjanikosea kitu. Mama Mutheu, wageni hawana chai!"

Nilichemsha chai hiyo nikigonganisha vikombe. Miaka yote ile hasira zako zilinishukia mimi, na siku moja niliyotaka uwatolee wao, hukuwa nazo. Ulipokea mkate, ukafumba macho, uso wako ukatulia namna ambayo sikuwa nimeiona tangu ujana wetu. Hapo nilifurahi, Baba Mutheu, sitakudanganya. Miezi michache baadaye ukaniacha.

Watu husema kusahau kwako kulikuwa neema. Labda. Mimi wazee wale bado nawasalimu kwa ncha za vidole.

Pumzika, mpenzi wangu. Uliondoka bila kinyongo na mtu yeyote. Kinyongo chako nimekibeba mimi, na siku nikichoka nitakiweka chini, lakini si leo.

Mkeo ambaye hajasahau,
Mama Mutheu