Nilimsifia Shemeji Albamu Nisiyoisikiliza

Mpendwa Shangazi Mwasiti, naomba uniokoe kabla ya Jumamosi, maana mimi naandika safu ya muziki kwenye gazeti moja la hapa Tunduma na nimemchumbia Tumpale wa Ileje, ambaye kaka yake Ipyana ana bendi ya panki, ule muziki wa kasi na kupayuka, hawana kampuni wala mdhamini, albamu wamejirekodia wenyewe kwenye ghala la mahindi, sasa Ipyana akaniletea CD niichambue, nami nikawaza kwamba mchumba akienda ukweni hakosoi chakula hata chumvi ikizidi, basi nikaona salama yangu ni kutoisikiliza kabisa nisije nikakuta kosa, nikaandika kwa kutazama jalada tu kwamba ni nyimbo nyororo za kutuliza moyo, zinafaa maharusi wakiingia ukumbini.

Gazeti lilipotoka Ipyana akanipigia: "Shemeji, albamu nzima ni dakika kumi na nane na nimepayuka mwanzo mwisho, huo unyororo umeusikia wapi?" Nikasema mtandao unakatakata. Baba yao ni marehemu, kwa hiyo Ipyana ndiye atakayefungua barua yangu ya posa Jumamosi, lakini kinachoninyima raha zaidi ni Tumpale, ambaye aliusoma uchambuzi akaniuliza kwa upole tu, "Na mimi unavyonisifia, huwa unanisikiliza?" Ninampenda kweli, Shangazi. Je, niseme mhariri alibadilisha maneno yangu?

S., Tunduma

S., pole, ingawa nimecheka mpaka chai ikanipalia. Mhariri wa watu mwache, hajakukosea kitu.

Ulidhani unaonyesha adabu. Adabu ya ukweni ni kula, mwanangu. Wewe hukugusa sahani, ukafuta mdomo na kushukuru. Vijana wamehangaika ghalani wakitaka mtu awasikie, hata kama atawakosoa, na wewe ukawapigia makofi umeziba masikio. Mimi nimeitafuta hiyo CD nikaisikiliza yote huku napepeta mchele. Wimbo wa nne, wa madereva wanaosota foleni pale mpakani, umenigusa sana. Wa saba ngoma zimemfunika mwimbaji, sikuambulia neno. Unaona? Nimesema na sijafa.

Nenda kwa Ipyana, mwambie hukuisikiliza, usizungukezunguke. Kaa naye muisikilize yote, kisha andika upya, na sentensi ya kwanza ikiri kosa lako. Penye ubovu sema pabovu.

Lakini anza na Tumpale, leo hii. Usimpelekee kitenge wala sifa mpya. Muulize ni jambo gani amekuwa akikwambia na hukulisikia, halafu funga mdomo mpaka amalize. Na akisema barua ya Jumamosi isubiri kwanza, usimbembeleze. Isubiri, ili ajue kwamba safari hii umemsikia.