Bei Niliyoitaja Bila Kupima Sakafu

Jumamosi, Bariadi. Mawingu yamejikusanya tangu saa sita na hayajatoa hata tone. Joto limekaa ndani ya nyumba, nami nimekaa nalo, sina hamu ya kugombana na mtu yeyote. Wanaonifahamu watajua kwamba hiyo ni dalili mbaya.

Nimekosa. Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea nakuweza.

Tangu mkataba wangu wa redioni ukatike, nimekuwa nikijifunza kazi ya kuweka marumaru. Aliyenifundisha ni fundi Masanja, mtu wa Shishiyu, ambaye nusu ya sakafu nzuri za mji huu zimepita mikononi mwake. Mafundi wenzake walimcheka kwa kumchukua mwanamke wa makamo mwenye miwani na maneno mengi. Yeye alinipa mashine ya kukatia, akaniambia nipige magoti. Kiangazi chote nilikula chakula chake saiti.

Jumatano alinipigia simu Rehema, muuguzi aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, anayejenga kando ya barabara ya kwenda Maswa. Ni msomaji wa blogu hii. Alitaka marumaru sebuleni, vyumba viwili na choo. Kazi yangu ya kwanza bila mwalimu.

Nilipofika siku hiyo hiyo na kuingia sebuleni nikaona mstari wa penseli ukutani, kimo cha goti, umezunguka chumba kizima, na msalaba mdogo kila kona. Ndivyo fundi makini anavyoweka alama ya usawa kwa mpira wa maji kabla ya kutaja bei. Misalaba ile ilikuwa ya Masanja. Naijua kama ninavyoujua mwandiko wangu.

Katika kazi hii, ukikuta alama za mwenzako unampigia simu kwanza. Unamuuliza kama kazi ameiacha. Ni swali moja tu.

Sikupiga.

“Dada, kuna fundi kaja, kanambia elfu nane kwa mita,” Rehema alisema. “Mie hoi. Hebu nambie wewe, wewe ndo mtetezi wetu.”

Neno “mtetezi” lilinipanda kichwani kama pombe. Nikatandaza futi, urefu mara upana, nikataja elfu tano. Kisha nikahutubia. Nilimweleza jinsi mafundi wanavyomkadiria mteja kwa kutazama viatu vyake na mahali anapofanya kazi. Elfu nane, nikasema, ni wizi.

Nilitumia neno hilo hilo, nikijua ninayemwita mwizi ni nani.

Jana mchana nilikwenda duka la vifaa kuulizia gundi. Mafundi walikuwa wamekaa nje juu ya mifuko ya saruji, Masanja katikati yao.

“Mwadela, mayu,” akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama kwa heshima ile ile ya siku zote.

“Mwadela, baba.”

“Yule nesi amenieleza yote. Kumbe kiangazi kizima ulikuwa unakula ugali wa mwizi.”

Wenzake wakacheka. “Masanja, nyamaza wewe,” mmoja akasema, “mama atakuandika kwenye mtandao watoto wako wasome.”

Masanja hakucheka. Alikuwa ananitazama, anasubiri. Nami nikamjibu: “Soko huria, baba. Mteja amechagua.”

Mimi. Niliyejaza kurasa hizi kwa kulitukana soko huria, nililichukua kama rungu na kumpiga nalo mtu aliyenilisha. Nikarudi nyumbani nikijiona nimeshinda.

Leo asubuhi nikaenda kuanza kazi. Ndipo kwa mara ya kwanza nikapima kutoka kwenye ule mstari wa penseli kushuka chini. Sakafu inazama vidole vitatu kutoka mlangoni hadi kona ya dirisha. Choo kimeinamia upande usio na tundu la maji. Kabla ya kuweka marumaru hata moja, sakafu yote inatakiwa isawazishwe upya kwa saruji, na hiyo ni kazi ya kuvunja mgongo. Elfu tatu nilizoziita wizi zilikuwa kazi hiyo.

Kila msimu wa pamba nawashambulia wanunuzi wanaomwambia mkulima pamba yake ni daraja la pili bila kuufungua mzigo. Nimewaita majina ambayo siyarudii hapa. Jumatano nilifanya walichofanya wao, na nilikuwa natabasamu.

Nilikaa chini kwenye ile kona. Ningeweza kujaza gundi nene pale panapozama na kuendelea. Rehema asingegundua mpaka marumaru zianze kucheza miguuni mwake. Niliwaza hivyo, tena si kwa dakika moja. Kisha nikampigia.

“Rehema, yule fundi hakukuibia. Bei yake ndiyo bei ya sakafu hii. Mimi sikupima.”

“Basi dada, si uongeze tu hiyo elfu tatu ufanye wewe? Yule keshanikasirikia.”

Nilitamani kukubali. Nikamwambia hapana, ampigie Masanja, amwombe radhi kwa niaba yangu.

“Neno lako hilo, dada. Si langu,” akasema. “Mwambie mwenyewe.”

Ana haki.

Tangu hapo naishika simu naiweka. Lakini neno mwizi limetajwa juu ya Masanja mbele ya mafundi wote nami sikulikana, na katika kazi yake jina ndilo linalomletea mteja. Kumnong'oneza kwenye simu hakutalirudisha. Kuandika hapa ndiko rahisi kabisa, na ndiyo maana nimeanzia hapa: yeye hasomi blogu, wala wale waliocheka hawasomi.

Jumatatu asubuhi, kabla hawajatawanyika, nitasimama mbele ya lile duka niseme kwamba nilikuta alama zake, nikazitambua, nikanyamaza. Kwamba bei yake ilikuwa ya haki na yangu ilikuwa ya mtu asiyepima. Kazi ni yake akiitaka.

Hapo sina wasiwasi. Kusema nitasema.

Ila kama atanisikiliza mpaka mwisho, ainuke, ajipanguse suruali na kwenda zake bila kunijibu, je, nitaweza kumwacha aende bila kumfuata na hoja nyingine?