Kitabu Changu cha Mboga, Disketi Moja

Jumanne, Juni 1997. Baridi ya kuuma masikio, na ukungu wa bwawa umepanda mpaka huku relini.

Alhamisi iliyopita nilipoteza kitabu changu chote cha mapishi ya mboga za kienyeji. Hakikuibwa. Hakikuungua. Kilifutwa kwenye laptop na Wafula, mshirika wangu wa kibanda cha kupiga chapa pale stendi ya Kawangware 56, huku akipiga mluzi.

Leo naandika kwa biro. Ile mashine sitaki hata kuiona.

Diski ilikuwa imejaa. Ukitaka kuchapa kadi ya harusi, inagoma. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi, kabla sijashuka mtaa wa Silanga kuchukua maelezo ya pishi la mwisho kwa akina mama wa mboga, nilimwachia Wafula boksi jipya la disketi kumi, na maagizo ambayo hata mlevi angeyafuata. Anza kufuta michezo ya karata na zile faili za muda, hizo hazina mwenyewe. Kisha nakili kitabu changu. Fungua kila sura kutoka kwenye disketi, uone kwa macho yako kwamba inasomeka. Ukishaona, ndipo ufute. Na pipa la takataka usilimwage mpaka nirudi.

"Aty, unamfundisha samaki kuogelea," akasema, akilikata jina langu kama kawaida yake.

Nikacheka, mjinga mimi.

Niliporudi jioni alikuwa amejaa furaha. "Mashine sasa inakimbia kama imekunywa chang'aa! Na kitabu chako hiki hapa." Akanipa disketi moja.

Moja.

Kitabu changu, pamoja na michoro ya majani, kilikuwa megabaiti kumi na moja. Disketi hubeba moja na nusu kasoro. Piga hesabu upendavyo, zinatakiwa nane. Nikamwuliza. Akasema amekikandamiza kikaingia. Wateja walikuwa wamesimama mlangoni, nikaitia mkobani.

Jana nikaipeleka mjini pamoja na laptop, kwa mwenye mashine ya kuchapa vitabu. Mama mmoja wa makamo, mwenye miwani, akaifungua, akaguna. "Dada, hapa hakuna kitabu. Hivi ni vishale tu."

Akanionyesha. Kila sura ilikuwa na kishale kidogo pembeni. Wafula hakunakili sura. Alinakili vile vielekezi vilivyopangwa usoni mwa skrini, vya kukupeleka haraka mahali sura ilipo. Ni sawa na kung'oa kibao kilichoandikwa "nyumba ya fulani", ukakibeba vizuri, kisha ukaibomoa nyumba.

"Pipa la takataka je?" akauliza.

"Amelimwaga."

"Bado tunaweza kujaribu kuzifufua, ikiwa hakuna kilichoandikwa juu yazo." Akaichunguza laptop. Wafula alikuwa ameipanga diski nzima upya ili iwe nyepesi. Mahali palipokaa kitabu changu sasa pamekaa vitu vingine. Yule mama akavua miwani. "Pole sana, dada."

Mapishi mengi naweza kurudi kuyauliza. La Mama Akinyi siwezi. Alikuwa akiuza mboga Silanga, na ndiye aliyenipa pishi la saga, ile mboga ya majani machungu, ya kulazwa kwenye chungu kwa maziwa, siku baada ya siku, mpaka uchungu unageuka utamu. Alizoea kunicheka nikiandika, akiniita binti wa Siaya kwa lugha yetu. "Nyar Siaya, kwani ulizaliwa bila ulimi? Onja!" Tulimsafirisha kwao kuzikwa baada ya Pasaka. Tangu jana najaribu kukumbuka: yale maji machungu anayamwaga kabla ya maziwa au baadaye? Sikumbuki. Niliandika ili nisihitaji kukumbuka, na karatasi za mkono nilizitupa kila nilipomaliza kuchapa.

Ningekubali ni kosa. Wallahi ningekubali, mtu huteleza.

Lakini leo mchana Wafula alipotoka kwenda kula, nilifungua droo yake. Yeye ni mwalimu wa kwaya, na nyimbo anazotunga huziweka kwenye laptop yetu. Alhamisi hiyo hiyo alizitoa, akaziweka kwenye disketi mbili za boksi langu. Nilizifungua zote. Ziko sawa, ubeti kwa ubeti, soprano mpaka besi. Na nyimbo zake pia zilikuwa na vishale usoni mwa skrini, kama sura zangu. Vya kwake alivipita, akaenda kwenye folda yenyewe.

Siku moja. Mkono mmoja. Na disketi saba mpya bado zimelala boksini.

Kwenye laptop nyimbo hizo hazipo tena. Mashindano ya kwaya ni Jumapili. Disketi zake mbili ninazo hapa, nyumbani kwangu Laini Saba.

Jioni nilipita kwa fundi wa redio kando ya reli, nikamwomba sumaku ya spika iliyokufa.

"Ya nini, mathee?"

"Ya kukamata misumari."

Nimeishika juu ya disketi za Wafula, umbali wa kidole. Sumaku ingezifuta bila moshi, bila harufu, na kwaya nzima ingenyamaza. Sitajidanganya: nilisikia raha.

Nimeiondoa. Si huruma. Nikimfutia leo, kesho yeye ndiye atakayepewa pole, na mimi nitakuwa yule mwanamke mwenye roho mbaya. Sitampa nafasi hiyo bure.

Wafula, ukurasa huu nitauacha alfajiri juu ya kibodi, uukute ukifungua kibanda. Usiniletee soda. Usinieleze mambo ya mashine, nayajua. Swali langu ni moja: uliviona vile vishale kwenye sura zangu, au hukuviona?

Nataka neno moja, mdomoni mwako, ukinitazama. Kesho Jumatano, saa sita mchana. Ikigonga saa sita na dakika moja, sitauliza tena.