Makala Niliyoitoa Kitabuni

Wambui mjukuu wangu,

Huku Mutuini tuko salama. Baba yako amemaliza zile nyumba za kupangisha, na mimi nimepewa vyumba viwili vya chini.

Umeniuliza kwa nini kile kitabu cha makala za usanifu mnachosoma huko hakina hata mtu wetu mmoja. Alikuwepo. Ni mimi niliyemtoa.

Nilikitaipu kitabu hicho nikiwa msichana, kwenye ofisi ya wasanifu majengo mjini. Makala moja ilikuwa ya jirani yetu, fundi wa mawe. Aliandika kwamba jiko likae mahali ambapo mpishi atamwona mgeni akiwa bado njiani. Kurasa zikazidi, bosi akaniambia nitoe makala moja. Nikatoa yake, kwa sababu Kiingereza chake kilinitia aibu. Bosi hakuuliza hata ni ipi.

Waliokisoma wakawa walimu, wakafundisha yaliyomo. Juzi nilimwuliza msanifu wa nyumba hizi kwa nini jiko langu linatazama ukuta.

"Shosho," akasema, "vile tulifundishwa ni hivyo."

Nikarudi jikoni, nikaendelea kupika nikiutazama ukuta.

Ukirudi, piga hodi kwa nguvu. Sitakuona ukija.

Shosho wako