Chokaa Kisimani kwa Mama

Jumatatu, 4 Oktoba 1909
Kazi ya ukalimani tena. Safari hii ni Mdachi mgeni mwenye masanduku mazito, bado hayajafunguliwa. Anataka kuona vijito vya Meru. Nimemwambia vimekauka. Amesema twende hivyo hivyo. Viatu vya misheni vinanibana.

Jumanne, 5 Oktoba
Tumefika kijito cha kwetu, bahati mbaya. Juu changarawe tupu. Maji yamo chini, wanawake wamefukua visima vifupi wanachota kwa kata. Mama alikuwepo kwenye kisima chake. Akampa mgeni maji. Ndani ya kata wakaogelea wadudu wawili weupe, wadogo kama punje za ulezi, hawana macho. Bwana akatazama, akacheka mpaka machozi. Nikatamani ardhi inimeze.
Akauliza, kisima cha nani? Nikasema, cha mwanamke mmoja wa hapa.
Kiswahili kidogo kama hicho mama anakielewa. Akawarudisha wadudu kisimani, maana kwetu ndio wenyeji wa maji, hawauawi. Akaondoka bila kuniaga.

Jumatano, 6 Oktoba
Bwana anarudi kisimani kesho. Sitaki acheke tena. Nimechukua chokaa iliyobaki kwenye ujenzi wa kanisa, nikaimwaga kisimani. Wadudu watakufa, maji yatatulia. Nimejiona mwerevu.

Alhamisi, 7 Oktoba
Mjinga mimi.
Bwana amefungua masanduku. Chupa tupu, zote za kuhifadhia wadudu wanaoishi chini ya vijito. Kumbe juzi alicheka kwa furaha. Akapiga magoti kisimani. Maji meupe kama uji, wadudu wanaelea wamekufa. Akauliza nani kafanya hivi.
Mama alikuwa amekuja kuchota. Mama akaangalia viatu vyangu, vina chokaa. Akasema kwa Kimeru, "Mwambie ni mimi. Nilikuwa nasafisha."
Nikatafsiri. Mungu wangu, nikatafsiri. Bwana akasema mwanamke huyu ni mpumbavu. Na hilo nikamtafsiria mama.

Ijumaa, 8 Oktoba
Mama ameteka maji mto wa mbali, amerudi jua limezama. Kaniwekea chakula. Nimekiacha. Najichukia.

Jumamosi, 9 Oktoba
Nimemkuta anafukua kisima kipya, juu kidogo ya kile. Nikavua viatu, nikashika jembe. Bwana akatokea na chupa moja mkononi. Kabla hajauliza nikamwambia: chokaa niliweka mimi, na huyu ni mama yangu.
Alimtazama mama, kisha mimi. Akasema nisije tena kazini. Akaenda zake.
Mama hakuinua kichwa.
"Chimba," alisema. "Maji bado."