Sinema ya Meli, na Mama Kulwa Anasafiri Kesho

Alhamisi usiku

Sikulia hata kidogo. Mwanaume wa Igoma hatoi chozi kwa sinema, hata meli izame mara tatu.

Haya, nililia. Mama Kulwa alinipa kanga yake nikapengea kamasi, huku akicheka mpaka chai ikampalia.

Lakini sinema nzuri ile, ya zamani, ndefu kama misa ya Krismasi. Msichana tajiri, kijana hana hata nauli, na meli kubwa inazama. Mtafsiri anayeongea Kiswahili juu ya picha hana huruma kabisa. Watu wanakufa maji, yeye anapiga kelele, "Dada, panda mtumbwi, wanaume wako wengi!"

Kijana alipompisha mpenzi wake kwenye mtumbwi, nikamwambia mke wangu, "Hata mimi ningekupisha."

"Wewe? Blanketi tu hunipishi, Baba Kulwa, miaka yote hii!"

Sasa mjinga ni nani? Kesho anapanda meli kwenda Bukoba, Kulwa wetu amejifungua, na mimi leo ndiye niliyechagua sinema ya meli kuzama. Nimemsihi apande basi.

"Basi linanitapisha. Sema tu unaogopa."

Ninaogopa. Yeye anakoroma, mimi ndiye nisiyelala.

Basi wewe Ziwa, tuongee. Ulinimezea wavu mpya na ndala ya kushoto, na sijawahi kukudai. Kesho usiku tulia tu mpaka kukuche, mtoto wa watu ashuke.